Hayati Sadruddin Aga Khan: Kamishna wa Wakimbizi katika Mwaka wa Kampala, 1972

Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Kamati imeonelea vema kutoa nafasi kwa maisha ya mtu ambaye jina lake la ukoo tunalisoma kila siku kwenye vibao vya shule na hospitali za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, lakini yeye mwenyewe tunamjua kidogo sana. Huyo ni Mwanamfalme Sadruddin Aga Khan. Asichanganywe na mpwa wake Karim, aliyekuwa Imamu wa Waismailia kuanzia mwaka 1957 hadi alipofariki mwaka 2025. Sadruddin hakuwa imamu wa mtu yeyote. Alikuwa mwanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa, na kwa miaka 12 mfululizo alikuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, yaani mkuu wa lile shirika ambalo herufi zake zimechapwa kwenye maturubai yetu.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1933 karibu na jiji la Paris. Baba yake alikuwa Sultan Mohamed Shah, Aga Khan wa Tatu, yule ambaye wazee wa Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa kupimwa uzito kwa almasi huko Dar es Salaam mwaka 1946. Mama yake, Andrée Carron, alikuwa Mfaransa. Mtoto alilelewa na mama zaidi kuliko baba, Ufaransa na Uswisi. Lakini jambo moja la baba lilimwingia: mwaka 1937 mzee huyo alichaguliwa kuwa rais wa mkutano wa Shirikisho la Mataifa huko Geneva, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa na kilichoshindwa kuzuia vita. Kwa hiyo kijana alikua nyumbani ambako mazungumzo ya mezani yalihusu mataifa na mipaka, na vilevile kushindwa kwa mataifa.

Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akamaliza mwaka 1954. Angeweza kuishi maisha ya starehe tu, maana fedha zilikuwepo, na kwa kweli ujana wake haukukosa starehe. Tunaandika hivyo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtu wa kuwasaidia wakimbizi ni lazima awe amelala njaa. Huyu hakulala njaa hata siku moja.

Aliingia katika kazi za Umoja wa Mataifa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi yake ya awali kwa wakimbizi itawachekesha wengine: stempu za posta. Ulipotangazwa Mwaka wa Wakimbizi Duniani, 1959 hadi 1960, yeye ndiye aliyesimamia mpango wa kuziomba nchi nyingi zitoe stempu za wakimbizi kwa wakati mmoja, ili fedha za mauzo ziende kwa wenye shida. Mwaka 1962 aliteuliwa kuwa Naibu wa Kamishna Mkuu, Félix Schnyder wa Uswisi. Na Januari 1966, akiwa na umri wa miaka 33 tu, akaukalia mwenyewe ukamishna. Hajatokea mwingine aliyeushika akiwa kijana kama yeye.

KUTOKA MSAADA HADI HAKI

Hapa tunaomba msomaji awe na subira, kwa maana ni jambo la sheria, lakini linamhusu kila mtu mwenye kadi ya mgao.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 uliandikwa kwa ajili ya watu waliovurugwa na Vita Kuu ya Pili. Ulimhesabu mkimbizi kuwa ni mtu aliyekimbia kutokana na mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Sasa fikirini Mnyarwanda aliyevuka mpaka kuingia Uganda baada ya machafuko ya mwaka 1959 akapelekwa Nakivale. Au Mkongo aliyekimbia vita vya mwaka 1964. Au Msudani wa kusini aliyekimbia mapigano ya Anyanya na serikali ya Khartoum. Kwa mujibu wa tarehe ile, hawa wote hawakuwamo katika Mkataba. Walipewa blanketi na posho, ndiyo, kwa sababu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilimruhusu Kamishna kuwasaidia hata watu ambao Mkataba haukuwataja. Lakini waliyapata kwa huruma. Mtu anayepewa kwa huruma hana pa kushitaki akinyimwa, na akirudishwa mpakani kwa nguvu hana karatasi ya kumwonyesha askari.

Kufikia mwaka 1965 Afrika ilikuwa na wakimbizi wapatao 850,000. Hawakuwa tena wachache wa kubanwa pembeni ya sheria ya Ulaya. Wanasheria walikutana Bellagio, Italia, mwezi Aprili mwaka huo, wakakubaliana kwamba njia fupi ni kuandika itifaki ndogo ya kuondoa ile tarehe, badala ya kuitisha mkutano mkubwa ambao ungechukua miaka na pengine kuharibu hata yale yaliyokwisha kupatikana. Sadruddin alipokuwa Kamishna aliisukuma itifaki hiyo kwa haraka isiyo ya kawaida. Ilianza kufanya kazi tarehe 4 Oktoba 1967.

Wakati huohuo Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulikuwa unaandaa mkataba wake. Geneva kulikuwa na wasiwasi kwamba Waafrika wangeandika kitu cha kushindana na Mkataba wa 1951. Ofisi ya Kamishna ikaamua kukaa meza moja na wanasheria wa OAU, na matokeo yake, tarehe 10 Septemba 1969 huko Addis Ababa, ukatiwa saini mkataba unaoutimiza ule wa Geneva bila kuupinga. Ndio uliosema kwamba mkimbizi si yule tu anayewindwa kwa dini yake au siasa zake, bali pia yule aliyekimbizwa na uvamizi, na utawala wa kigeni, na machafuko makubwa katika nchi yake au sehemu ya nchi yake. Mama aliyekimbia risasi kijijini bila kujua nani anampiga nani anaingia humo. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na tarehe hiyo ikawa Siku ya Wakimbizi wa Afrika, kisha kuanzia mwaka 2001 ikawa ya dunia nzima. Ndiyo siku tunayoiadhimisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 theluthi mbili hivi za fedha za miradi ya shirika zilikuwa zinatumika Afrika. Kamishna alisafiri mno. Wapo waliomlaumu kwamba alipenda ndege kuliko ofisi. Sisi tunaona bora kiongozi anayekuja kuona, mradi baada ya kuona afanye kitu.

MWAKA WA 1972

Katika maisha yote ya mtu huyu, mwaka mmoja unatuhusu kuliko mingine, nao unaipitia Kampala mara mbili kwa njia mbili zinazopishana.

Njia ya kwanza ilielekea kaskazini. Tarehe 27 Februari 1972 serikali ya Sudan na wapiganaji wa kusini walitia saini mapatano ya amani Addis Ababa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, alimkabidhi Sadruddin kazi ya kuratibu misaada ya kuwarudisha watu. Wakimbizi wapatao 180,000 walikuwa nje, wengi wao Uganda, Zaire, Ethiopia na Afrika ya Kati, na ndani ya Sudan kwenyewe walikuwepo takriban nusu milioni waliofukuzwa vijijini mwao. Hao wa ndani kisheria hawakuwa kazi yake, kwa kuwa hawakuvuka mpaka. Akawahudumia pia. Leo tunasikia neno wakimbizi wa ndani kila siku redioni, lakini wakati ule lilikuwa jambo geni kwa shirika hilo. Pale Juba, ambako Mto Nile uliwakatisha malori, lilijengwa daraja la chuma kwa fedha za Uholanzi, likafunguliwa mwaka 1974. Wazee wa Kisudani walio kati yetu wamelivuka. Kwamba vita vilirudi mwaka 1983, na watoto wa wale waliorudi wakavuka tena kuja Uganda, na wajukuu wao wakavuka mwaka 2013 na 2016, ni habari ambayo hatuna haja ya kumwambia mkazi yeyote wa hapa.

Njia ya pili ilielekea Entebbe. Tarehe 4 Agosti 1972 Jenerali Idi Amin, akizungumza na askari huko Tororo, alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku 90, na siku ya mwisho ikapangwa kuwa tarehe 8 Novemba. Baadaye wakaongezwa raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Kisha ikaja zamu ya wale waliosema wao ni raia wa Uganda. Waliamriwa wapeleke karatasi zao zihakikiwe. Mistari mirefu ikapangwa katika ofisi za Kampala, na watu wengi walitoka humo wakiwa wamepoteza uraia, kwa sababu ya tarehe iliyopita, au stakabadhi iliyokosekana, au karani aliyeamua hivyo. Mtu aliingia ofisini akiwa Mganda akatoka akiwa si wa nchi yoyote. Uingereza ilisema si wake, India ilisema si wake, Uganda ilisema si wake.

Tukio hilo haliwezi kusimuliwa bila kusema pia kwamba Waafrika wengi wa Uganda walilipokea kwa furaha. Biashara ya mjini ilikuwa mikononi mwa Wahindi tangu ukoloni, na chuki ilikuwepo, mingine ikiwa na sababu. Lakini aliyefukuzwa hakuwa tajiri wa viwanda peke yake. Alikuwemo fundi cherehani, mwalimu, karani wa reli na mwenye duka la sabuni na chumvi kule Mbale. Kila familia iliruhusiwa kutoka na kama pauni 50 za Kiingereza. Kwenye vizuizi vya barabara ya Kampala hadi Entebbe askari waliwapekua na kuwapora pete na saa.

Wenye pasi za Uingereza walikuwa shauri la Uingereza, nayo hatimaye ikawapokea zaidi ya 27,000, wengi wakaanzia maisha katika kambi za zamani za jeshi kama Stradishall na Greenham Common. Kanada ikachukua karibu 6,000. Walibaki wale wasio na pasi yoyote, na hao ndio waliokuwa mzigo wa Sadruddin.

Muda ulikuwa umekwisha. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizungumza na serikali ya Kampala ili watu hao watambuliwe na waachwe waondoke salama. Chama cha Kimataifa cha Msalaba Mwekundu kiliwapa karatasi za kusafiria. Kamati ya serikali iliyoshughulikia uhamaji kutoka Ulaya ilitoa ndege. Na Kamishna alizibembeleza serikali za Ulaya zitoe mahali pa kuwaweka kwa muda. Zilizokubali ni Austria, Ubelgiji, Italia, Malta na Hispania. Ndege za mwisho ziliruka Entebbe siku za mwisho mwisho kabla ya tarehe 8 Novemba, zikiwa na maelfu kadhaa ya watu ambao asubuhi hawakujua jioni watalala nchi gani.

Baada ya hapo kazi haikuwa imekwisha, na hili wafanyakazi wa mashirika watalielewa kuliko wengine. Kila nchi ya muda ilitaka ahadi kwamba wageni hawatabaki. Nchi za kudumu zilitaka vijana wenye ujuzi, si bibi kizee mwenye ugonjwa wa kifua. Tena familia zilikuwa zimegawanyika kwa pasi: mke ana ya Uingereza, mume hana kitu, watoto wamefuata mama London, baba yuko kambini Austria au Italia. Kamishna aliandika na kusafiri na kuomba hadi Marekani, Kanada, nchi za Skandinavia na nyingine zikawachukua wengi wao, na Uingereza ikaanza kuwakubali waume kuwafuata wake zao. Vituo vya muda vilifungwa kidogo kidogo. Sisi tunaosubiri miaka kumi na zaidi kusikia jina letu katika orodha ya kuhamishwa tutasema kwamba hao walikuwa na bahati. Ni kweli walikuwa na bahati. Lakini bahati hiyo ilikuwa na mtu aliyekuwa akipiga simu.

Yapo maneno kwamba aliwahangaikia kwa sababu wengi walikuwa Waismailia, watu wa mpwa wake. Kwamba jambo lilimgusa nyumbani, nani atakataa? Ila ndege zile zilibeba watu wa dini zote: Wahindu, Masingasinga, Waislamu wa madhehebu mbalimbali, Wagoa Wakatoliki. Na mwaka huohuo alikuwa akiwahangaikia Wasudani ambao hawakumhusu kwa damu wala kwa dini, na Warundi waliokimbilia Tanzania baada ya mauaji yaliyoanza Aprili 1972.

Lawama nyingine ni nzito zaidi, nasi hatuwezi kuipita. Wakati ndege zinaruka, Waganda wenyewe walikuwa wakipotea. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe, na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata akachukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Kamishna wa Wakimbizi hakusimama hadharani kumlaani Amin. Alinyamaza, kama ilivyonyamaza karibu Umoja wa Mataifa wote, na kama zilivyonyamaza nchi za Afrika, ambazo mwaka 1975 zilikuja Kampala na kumfanya Amin mwenyekiti wa OAU. Utetezi wake unajulikana: shirika lake halikuwa na ruhusa ya kuingilia siasa, na kama angepiga kelele mwezi Oktoba milango ya Entebbe ingefungwa na watu wakabaki ndani. Kamati imejadili jambo hili na haikukubaliana. Wengine tunaona aliokoa aliowezekana kuwaokoa. Wengine wanauliza, na wale wasiofika uwanja wa ndege, nani alikuwa Kamishna wao? Jambo la ajabu ni kwamba Uganda ilijiunga na Mkataba wa 1951 na Itifaki yake mwaka 1976, chini ya Amin huyohuyo.

RIPOTI YA MWAKA 1981

Alitoka ukamishna mwisho wa mwaka 1977, akiwa amepitia pia mamilioni ya Wabengali waliokimbilia India mwaka 1971, mapinduzi ya Chile mwaka 1973 na Cyprus mwaka 1974. Kwa maoni ya mwandishi, kazi yake iliyo ya maana zaidi kwa haki za binadamu ilikuja baada ya hapo, alipokuwa hana cheo cha kulinda.

Mwaka 1981 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilimwagiza achunguze uhusiano kati ya uvunjaji wa haki na watu kukimbia kwa makundi. Alilisema waziwazi lile alilokuwa akilizunguka miaka 12: watu hawahami tu kama nzige. Wanakimbia kwa sababu wametendwa, au wameona jirani ametendwa, au ardhi na chakula vimewaishia kwa siasa mbaya. Kuwajengea mahema bila kutazama walichokikimbia ni kukinga maji ya mvua huku paa limetoboka. Alipendekeza Umoja wa Mataifa uwe na utaratibu wa kutambua hatari mapema, pawepo mwakilishi maalumu wa mambo ya kibinadamu, na kikosi cha watazamaji wa kupelekwa mahali kabla hapajawaka. Serikali nyingi hazikuipenda ripoti hiyo, kwani kila serikali huogopa kutazamwa. Mwaka 1987 ilianzishwa New York ofisi ndogo ya kukusanya habari za namna hiyo. Haikudumu. Mwaka 1994 Rwanda ilionyesha ukubwa wa pengo lililobaki, na matokeo yake wengi wetu tunayajua kwa miguu yetu.

Mwaka huohuo wa 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Urusi ya Kisovieti ilimzuia kwa kura ya turufu, ikimwona mtu wa nchi za Magharibi, na nafasi ikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Aligombea tena mwaka 1991 asifaulu. Katikati ya hapo aliitwa kwa kazi ngumu: kuratibu misaada ya Afghanistan kuanzia mwaka 1988, na mwaka 1991 Iraq, ambako baada ya vita vya Ghuba alipatana na serikali ya Baghdad ili misaada iwafikie Wakurdi na wengine, na akapendekeza Iraq iruhusiwe kuuza mafuta kiasi ili raia wapate chakula na dawa. Pendekezo hilo lilichukua miaka kutekelezwa.

Alifariki Boston, Marekani, tarehe 12 Mei 2003, kwa saratani, akiwa na miaka 70. Mwezi huohuo mapigano ya Bunia yaliwavusha Wakongo wa Ituri kwa maelfu kuingia Uganda, wengine kwa mitumbwi ziwani Albert, wengine kwa miguu kupitia bonde la Semliki. Waliandikishwa kwa tafsiri ya mkataba wa mwaka 1969, na baadhi yao bado wanaishi Kyaka na Kyangwali.